Pua imeziba na dawa lazima ipulizwe: barakoa utaivaaje?

Leo naweka pembeni mbolea na bei ya tenga, tuongee kuhusu pua. Usicheke, soma kwanza.

Msimu huu nilipita kwa kijana mmoja mwenye ekari mbili za nyanya upande wa Ilula, mkoani Iringa. Ni mkulima wa kibiashara kweli. Ana dripu, ana daftari la gharama, na vifaa vya kujikinga amenunua vyote: ovaroli, gamboti, glovu, miwani na barakoa nzuri kabisa. Nilimkuta katikati ya kupulizia dawa ya kantangaze. Barakoa ilikuwa kidevuni.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba. Hiyo barakoa inalinda ndevu?"

Akacheka, akaipandisha. Hatukumaliza mstari mmoja wa nyanya, akaishusha tena kwa kidole cha glovu iliyolowa dawa. Nikamwambia atue bomba tukae kivulini. Ndipo akaniambia ukweli: "Bwana shamba, pua yangu imeziba tangu niko sekondari. Nikivaa hii kitu naona kama nakufa. Umuhimu wake naujua, lakini nifanyeje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Sisi maafisa ugani tumezoea kusema "vaa barakoa", kisha tunawasha pikipiki tunaondoka. Sikuwahi kumuuliza mkulima kama pua yake inapitisha hewa. Tangu siku ile nauliza, na wengi wananijibu kwamba mafua yao hayaishi mwaka mzima, wameshazoea.

Chujio juu ya chujio

Wewe mwenye dripu utanielewa haraka. Chujio likijaa uchafu, maji yanapita kwa shida. Sasa ongeza chujio la pili mbele yake bila kusafisha lile la kwanza. Pampu italia. Ndivyo anavyoteseka mtu mwenye pua iliyoziba akivaa barakoa. Hata kwa mtu mwenye afya njema, pua peke yake inabeba karibu nusu ya ugumu wote wa kuvuta hewa kutoka nje hadi mapafuni, kwa sababu njia yake ni nyembamba. Ikivimba ndani kidogo tu, ugumu unapanda sana, na barakoa inakuja juu yake.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, ile hisia ya kukata roho kwa kawaida haitokani na kukosa oksijeni. Inatokana na nguvu ya ziada ya kuvuta, joto, na unyevu wa pumzi yako mwenyewe unaokurudia usoni. Kujua hilo kunapunguza hofu, na hofu ikipungua pumzi nayo inatulia. Ila mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, huyo aongee na daktari kabla ya kuvaa barakoa nzito na kubeba bomba la lita 20 mgongoni. Hapo sitanii.

Pua ikishindwa, unafungua mdomo. Hewa inapita, sawa, lakini kazi ya pua haijafanyika: kuchuja vumbi, kupasha hewa joto na kuipa unyevu. Mdomo hauna vinyweleo wala njia za kona kona za kunasia vumbi. Kwa hiyo mtu anayepumulia mdomo, barakoa ndiyo pua yake. Yaani yule anayetamani kuivua kuliko wote ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Harufu usiyoisikia

Nilimuuliza yule kijana: "Unapochanganya dawa, harufu unaisikia?" Akajibu kwamba siku nyingine anaisikia kidogo, siku nyingine haisikii kabisa, na yeye aliona hiyo ni nafuu.

Si nafuu. Upepo ukigeuka ukakurudishia dawa, kifuniko cha bomba kikivujia mgongoni, stoo ikijaa mvuke wa chupa iliyopasuka, mara nyingi taarifa ya kwanza ni harufu. Mwenye pua nzima anarudi nyuma bila hata kufikiri. Wewe unaendelea na kazi. Hata kwenye zile barakoa za mpira zenye vichujio viwili pembeni ni hivyo hivyo: wengi wanajua kichujio cha mvuke kimekwisha pale wanapoanza kusikia harufu ya dawa ndani. Usiponusa, utavaa kichujio kilichokufa wiki nzima ukijiona umekingwa.

Kwa hiyo wewe usitegemee harufu, hesabu saa. Fuata maelekezo ya mtengenezaji. Kama hakuandika kitu, kanuni za Marekani za kuwalinda wafanyakazi wa mashambani zinataka kichujio cha mvuke kibadilishwe kisipite saa 8 za matumizi kwa jumla. Kikiwa hakitumiki, kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana kikiachwa wazi stoo kinaendelea kunywa mvuke na kuisha chenyewe. Hata mwenye pua nzima asijiamini kupita kiasi, kwa sababu zipo sumu zenye harufu hafifu sana.

Na jambo moja niliseme wazi ili nisikutishe upande usio sahihi. Katika upuliziaji wa wazi shambani, sehemu kubwa ya dawa inaingia mwilini kupitia ngozi, hasa mikono. Ndiyo maana kile kidole cha glovu kilichoshusha barakoa kiliniuma roho kuliko barakoa yenyewe kuwa kidevuni. Kila aliposhusha na kupandisha alikuwa anapaka dawa mdomoni, puani, na ndani ya kitambaa anachopumulia.

Anza na pua kabla ya barakoa

Kabla hujatafuta barakoa nyepesi, tafuta kwa nini pua imeziba. Chukua daftari lilelile la gharama, tenga ukurasa. Andika kwa wiki tatu au nne: leo nilifanya kazi gani, pua ilizibaje, upande gani, usiku ililalaje. Ukiona inaziba siku za kupukuchua mahindi au kusafisha banda, halafu inafunguka ukisafiri, hiyo ni dalili kubwa ya mzio wa kazini. Usiubeze. Mzio wa pua wa kazini mara nyingi hufuatana na pumu au huitangulia. Ikiziba mara kulia mara kushoto, kupokezana huko ni kwa kawaida, pua nyingi zinafanya hivyo kwa saa kadhaa. Lakini ikiwa ni upande mmoja tu siku zote, au kuna damu, au usaha wenye harufu mbaya, au harufu imepotea kabisa, nenda hospitali uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Inaweza kuwa nyama za puani, au ukuta wa katikati ya pua umepinda, na hayo hayatibiwi kwa kubadilisha barakoa.

Sasa tufike kwenye matone. Vijana wengi wenye pua sugu wana kichupa mfukoni, matone ya kufungua pua ya jamii ya efedrini au zailometazolini. Yanafungua kweli, ndani ya dakika chache unajiona mtu mpya. Shida ni kwamba ukiyatumia zaidi ya siku chache mfululizo, tano hivi, pua inavimba zaidi kila yanapoisha nguvu, na wewe unaongeza tena. Mimi mwenyewe yalinishika kwa miezi. Nikitoka nyumbani bila kile kichupa nilikuwa nageuza pikipiki kukifuata, kama mtu aliyesahau simu. Kuacha ni shida ya siku kadhaa. Wengine huacha tundu moja kwanza, likitulia wanaacha la pili. Ukiwa umeyatumia muda mrefu, pata msaada wa daktari, asije akakuacha unahangaika peke yako.

Kinachosaidia bila mtego huo ni maji ya chumvi. Chemsha maji nusu lita yachemke kweli, yaache yapoe hadi uvuguvugu, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Tumia chupa safi laini au bomba la sindano lisilo na sindano. Inama kwenye beseni, laza kichwa upande, fungua mdomo, sukuma taratibu tundu la juu, maji yatatokea tundu la chini. Halafu penga polepole, upande mmoja mmoja. Maji yasiyochemshwa usiyapandishe puani kabisa, yawe ya bomba, ya kisima au ya tanki la dripu. Kuna kijidudu cha majini ambacho ukikinywa hakina neno, lakini kikiingia kwa njia ya pua kinaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra, lakini kuchemsha maji ni kazi ndogo. Na tafadhali, isiwe chupa yoyote iliyowahi kukaa dawa ya shamba.

Osha pua mara mbili: kama saa moja kabla ya kazi, ili maji yote yatoke na yasikumwagikie ndani ya barakoa, na tena jioni baada ya kuoga, utoe vumbi lililonasa.

Kwa pua ya mzio, daktari anaweza kukupa dawa ya kupuliza puani ya steroidi, kama flutikasoni au beklometasoni. Vijana wanaiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Hiyo ni kama dawa ya magugu inayopulizwa kabla magugu hayajaota, ukisubiri magugu yafike magotini umechelewa. Inatumiwa kila siku, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Anza kabla ya msimu wa kupulizia. Elekeza ncha upande wa sikio, usiupulizie ule ukuta wa katikati, utatoka damu. Vidonge vya mzio navyo vinasaidia chafya na mwasho, ila vile vya zamani vinaleta usingizi, na mimi sitaki usinzie kwenye pawatila. Ulizia visivyolevya.

Na mentholi? Kuna wanaopaka dawa ya kuchua ndani ya barakoa. Ile baridi inaudanganya mwili tu, unahisi hewa inapita lakini pua bado imeziba vilevile. Tena inafunika hata ile harufu kidogo uliyobaki nayo. Acha.

Barakoa ipi sasa

Barakoa ya kitambaa, na ile ya hospitali ya kufunga masikioni, si za kupulizia. Hazishiki uso vizuri na mvuke zinaupitisha. Kwa vumbi la kupukuchua, pumba na maranda, tafuta iliyoandikwa FFP2 au N95. Hizo zinazuia angalau asilimia 94 na 95 ya chembe ndogo zikipimwa maabara, mradi zishike uso vizuri. Kwa viuatilifu soma lebo na uangalie zile picha ndogo. Ikitaka kinga ya mvuke, ni ile ya mpira yenye vichujio. Kwa mfumo wa Ulaya, rangi ya kahawia ni mvuke wa kemikali na nyeupe ni chembe, kwa hiyo tafuta chenye rangi zote mbili. Vya Kimarekani, mvuke ni nyeusi na chembe ni zambarau.

Mwenye pua sugu aangalie mambo mawili zaidi. Kwanza nafasi ya ndani: zile zilizochomoza mbele kama mdomo wa bata zina eneo kubwa la kuchuja na hazigusi midomo, kwa hiyo unavuta kwa urahisi zaidi. Pili valvu ya kutolea pumzi. Haikusaidii kuvuta, nisikudanganye, lakini joto na unyevu vinatoka, na kwa wengi hivyo ndivyo vinavyowafanya waivue. Ndevu nazo zikiwa kwenye mstari wa barakoa, hewa chafu inapita pembeni. Nyoa.

Ukishanunua, usiende nayo shambani siku hiyohiyo. Ivae nyumbani dakika 20 ukiwa umekaa, kesho yake ukifagia uwanja, siku ya tatu ukiwa na bomba lenye maji matupu. Jifunze kuvuta pole pole na kutoa kwa muda mrefu zaidi. Ukiona hata maji matupu yanakushinda, ni bora ulijue hapo kuliko katikati ya nyanya.

Shambani, gawa kazi kwa mabomba. Pulizia alfajiri au jioni kukiwa na baridi na upepo mdogo. Bomba moja likiisha, toka nje ya shamba upande upepo unakotokea, tua bomba, osha glovu zikiwa bado mikononi, zivue, nawa mikono kwa sabuni, ndipo uvue barakoa kwa kushika mikanda ya nyuma. Pumzika, penga, kunywa maji, kisha urudi. Ile ya mbele usiiguse kabisa. Kama unatumia za kutupa, uwe na ya pili kavu, maana iliyolowa inavutika kwa shida. Wakati wa kuchanganya usiivue hata kama ni dakika mbili tu. Hapo ndipo dawa iko kali kuliko wakati wowote, na dawa za unga kama mankozebu zinaruka ukimimina.

Ni kweli utachelewa. Ekari uliyozoea kumaliza asubuhi itakwenda hadi jioni ya pili. Ndiyo maana nakusukuma pia upunguze raundi zenyewe: weka mitego ya kantangaze yenye harufu ya kuvuta madume, kagua shamba, pulizia pale idadi inapolazimisha badala ya kila Jumatatu kwa mazoea. Ukiamua kumlipa mwenzako apulizie, vifaa ni vilevile, na yeye ana mapafu.

Wafugaji wa kuku

Kwenye banda, shida ni mbili na watu wanazichanganya. Vumbi la maranda, manyoya na chakula linazuiwa na FFP2. Amonia haizuiwi, ile ni gesi. Mwenye pua iliyoziba anaweza kukaa na amonia nyingi asijue, mpaka macho yake yawashe na kuku waanze kukoroma. Mwite mtu mwenye pua nzima aingie asubuhi kabla hujafungua mapazia, ainame hadi usawa wa vifaranga, akuambie. Tiba yake ni kugeuza maranda, kutoa yaliyolowa, kurekebisha vinyweshea vinavyovuja na kuruhusu hewa.

Vidonge vya kufukizia nafaka ni hivyohivyo. Gesi yake ni ya kuua, na barakoa ya vumbi haizuii hata kidogo.

Isije ikawa si mafua

Hili nimeliacha karibu na mwisho lakini ndilo linalonikosesha usingizi. Mtu aliyezoea kamasi mwaka mzima, akipulizia dawa za jamii ya oganofosfeti kama profenofosi, na jioni pua ikatiririka, ataseana "mafua yangu hayo". Sumu hiyo nayo inaanza hivyohivyo: kamasi, machozi, mate mengi, jasho. Kisha kifua kinabana, tumbo linanyonga, unatapika, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inachezacheza. Ukiona kamasi zimeongezeka na chochote kati ya hivyo siku ya kupulizia, vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni na maji mengi, na upelekwe hospitali haraka. Beba chupa ya dawa yenye lebo, daktari ataihitaji. Mwambie na mwenzako wa nyumbani dalili hizi, kwa sababu wewe unaweza usijitambue.

Yule kijana wa Ilula alikwenda hospitali. Ni mzio, na ndani ya tundu la kushoto kuna nyama ndogo inayofuatiliwa. Ameacha matone, anaosha pua, na dawa ya kupuliza yuko nayo wiki ya tano. Harufu inarudi siku moja moja, anasema juzi alinusa kitunguu jikoni akabaki amesimama. Barakoa bado inambana akifika bomba la tatu, kwa hiyo sasa anaishia la pili, mengine kesho yake. Pembeni ya kichujio amebandika plasta nyeupe, na kila akitoka shambani anaandika kwa kalamu ya wino saa alizotumia. Mara ya mwisho nilipopita ilisomeka sita na nusu.